Kanga Wakinyamaza

Saa kumi na moja alfajiri, Aprili, nyuma ya Kayenze.
Nyasi zimelowa hadi magotini
na gobore la marehemu baba limenilalia begani
kama mtoto aliyesinzia msibani.
Shemeji Lugwisha yuko mbele,
amevaa mfuko wa mbolea aliotoboa matundu ya mikono.

Kiangazi hawana siri.
Mwezi wa tisa wanashuka kundi zima kwenye mabua ya mtama
wakipiga kelele kama mnadani,
wanakutangazia jioni watalala mti upi
na nani kagombana na nani.

Sasa mvua imenyesha, kundi limevunjika.
Wawili wawili wameingia majanini,
midomo wameifunga kama maduka siku ya sensa.

Lugwisha anapuliza kifilimbi cha bua:
che-kwe, che-kwe, che-kwe.
Tunasikiliza.
Pimbi anakohoa juu ya jiwe.
Mbali, ziwani, injini ya mtumbwi wa dagaa
inashika, inakata, inashika.
Kanga, hakuna.
“Kanga hazai ugenini,” ananong’ona. “Wapo tu.”
Lugwisha ana methali kwa kila kitu alichokikosa.

Baba hakuwinda kiangazi.
Miaka kumi na tisa kwenye mashine za kuchambua pamba
ilimwachia kikohozi, saa ya ukutani
na masikio mawili ya urembo.
Ukimwita kwa nyuma hageuki.
Ukikanyaga sakafu kwa kisigino, anageuka.
Alisubiri masika,
wenye masikio yao wakiwa wamekaa nyumbani
wakisema porini hakuna kitu.
“Kwangu mimi hawajawahi kulia,” alisema
kwa ile sauti yake kubwa isiyojisikia.
“Wakinyamaza, ndipo mnapokuwa sawa na mimi.”

Nilimfuata mara mbili tu. Nilikuwa na miaka tisa, na mdomo.
Akanishika taya, taratibu, kama anayefunika kopo,
akanionyesha umande:
hapa mweupe, umejaa;
pale mstari wa kijani,
mtu mfupi amepita.
Unyoya. Udongo uliochakurwa, bado mbichi.

“Tia filimbi mfukoni,” namwambia shemeji.
Ananuna, anatia.
Nainama. Nafuata kijani
kupita jiwe lililobebana na jiwe,
kupita shamba la pamba lisilopaliliwa,
visubi wakinijaa puani,
mpaka kwenye kichuguu.

Yuko juu yake. Dume, peke yake, shingo ndefu,
kichwa cha buluu, kijipembe utosini.
Jike sikumwona; nilimjua
kwa jinsi dume alivyokataa kutazama upande ule wa majani.

Hatua ishirini.
Mgongoni kwake usiku umemwagiwa chenga za mchele,
sawasawa na kanga ya mama, ile ya Jumapili,
ila ya mama ina maneno.
Nami, mtu mzima, kidole kwenye mtambo,
nikajikuta natafuta kwenye upindo wa bawa
pameandikwa nini.

Nikavuta.
Tk.
Baruti imekunywa umande.

Hakuruka. Alinitazama kwa jicho moja,
akabadilisha, akanitazama kwa la pili,
akashuka kwa miguu
kama mwenye nyumba anayekwenda kufunga dirisha.
“Umeona?” akauliza Lugwisha, akitokea nyuma ya mawe,
suruali yote imeshika mbigili.
Nikatikisa kichwa.

Kijiweni anasimulia hadi saa nne:
masika porini hakuna kitu, jamani, tumemaliza kilima.
Mimi nakunywa chai.
Kichuguu nakijua.

Nyumbani nimekaa mlangoni, gobore limelala magotini,
nalitoa unyevu kwa kitambaa.
Mama ananisemesha, sijui tangu saa ngapi.
Kisha anakanyaga sakafu,
mara mbili, kwa kisigino,
ndipo nageuka.