Ufagio wa Shimanzi

Mama alikuwa na fagio mbili:
mmoja wa chelewa, wa uani kwetu Magongo,
wa pili mfupi, laini,
aliouficha ndani ya leso akienda Shimanzi
kufagia ngano.

Siku hizo meli ikifunga Kilindini
habari zilifika maghalani kabla kamba hazijakazwa.
Magunia yalishuka kwa migongo ya watu,
kilo tisini, kulabu huku na huku,
na karani Bwika mlangoni na chaki yake:
mstari, mstari, mstari, mstari,
wa tano ukalala juu ya wenzake.

Kulabu ikitoboa gunia, ngano ilitiririka.
Ikishagusa chini haikuwa na mwenyewe tena:
si ya tajiri, si ya nahodha, si ya bima.
Ilikuwa ya Mbodze, mama yangu,
na wenzake walioinama hata adhuhuri
wakipepeta mchanga na nyuzi za katani.
Kibaba kwa mfuga kuku wa Jomvu.
Kibaba kwetu, bokoboko pasi nyama.
Askari akipita, aliwaita wezi.

Siku hizi gunia limekufa.
Mrija mnene hushushwa tumboni mwa meli,
ukavuta, ukavuta,
ngano ikapita juu ya barabara kwa mkanda
ikaingia siloni bila kuonja kidole cha mtu.
Mama alikwenda mara moja, na ufagio wake.
Mlinzi alimwambia kwa adabu:
Mama, hapa hapamwagiki kitu.
Akarudi, akavua viatu, akasema:
Mashine ile haina mkono,
lakini ni mkono wa birika.

Karani sasa ni mimi.
Sina chaki. Nina skrini,
na kiyoyozi kinachonipa mafua Januari.
Naiona meli ikiwa bado mbali:
Jumatatu ngano ni ya bwana mmoja wa Geneva,
Jumatano ameiuza Dubai,
Ijumaa, meli ikipenya Babu l-Mandabu,
imerudi kwa yule yule wa Geneva, ghali kidogo.
Imeuzwa mara tatu
na punje haijageuka ubavu.

Nasikia zamani pwani hii ndiyo iliyolisha,
mtama wa Malindi ukaliwa Arabuni.
Sasa twangoja kulishwa.

Mwaka ule mizinga ilipolia Bahari Nyeusi
Nyevu wa Mwembe Tayari hakupandisha bei ya mahamri.
Aliyapunguza.
Watu, aliniambia, huhesabu shilingi,
hawapimi uwazi ulio ndani.
Nikamweleza: vita, dola, nauli ya meli,
ukame wa shamba ambalo hata ramani hulitaja kwa shida.
Alisikiliza huku akigeuza mafuta.
Na huyo wa Geneva, akauliza,
asubuhi yeye hunywa chai na nini?
Sikuwa na jibu. Nilinunua manne
badala ya mawili, nikashiba kama wa mawili.

Jana usiku nilifunga hesabu ya meli.
Tani elfu arubaini zilipakiwa.
Zilizopimwa hapa: pungufu mia mbili.
Nikashtuka, nikampigia mkubwa wangu kitandani.
Akacheka. Soma mkataba, akasema,
nusu kwa mia inasamehewa.
Imekauka njiani, imekuwa vumbi, mizani zimetofautiana,
andika tu: upungufu wa safari.
Nikaandika. Nikatia sahihi.

Alfajiri nilimkuta Mama ameamka,
ameketi na chai ya rangi.
Nikamsimulia: tani mia mbili, Mama,
na hakuna aliyeitwa mwizi.
Alikaa kimya hata chai ikaota ngozi ya baridi.
Kisha akauliza, taratibu,
kama fundi anayeuliza habari za chombo cha fundi mwenziwe:

Huo ni ufagio wa namna gani?