Chupa Nambari Kumi na Tisa

Mimi kazi yangu ni kupuliza kioo.
Ghorofa ya chini, Tartu, Januari:
jua huchomoza saa tatu, limechoka tayari,
na saa kumi halijagusa hata ubao wa dirisha, limeshaaga.
Reelika huteremka ngazi na mchoro mkononi:
"Urmas, nipulizie nyingine, yenye uso bapa,
mwanga uingie bila kupinda."

Ndani hutia maji,
na ndani ya maji, vumbi la rangi ya haradali:
chembe za titani zilizovishwa salfidi,
kila moja imebandikwa nukta ya dhahabu,
ndogo hivi kwamba unywele wangu wa mvi kando yake
ni gogo lililolala barabarani.
Nimeziozesha, anasema.
Hii humeza mwanga,
ile hupokea umeme kama mahari, isiurudishe.
Kisha huwasha taa kali, jua letu la kukodi.

Novemba viputo vilichemka kama uji.
Tulikula keki. Profesa Kaljuste alipiga picha,
akatamka "mafuta ya kesho", mara mbili.
Usiku ule Reelika hakwenda kwake.
Alikuwa ametia spiriti kidogo majini
kuzichangamsha chembe, wote hufanya hivyo,
akauliza lile ambalo mezani halikutakiwa:
haidrojeni hii ni ya maji, au ni ya ulevi?

Akamwaga. Akaosha. Akatia maji matupu.
Chupa ikanyamaza.
Ya kumi na mbili, kimya. Ya kumi na tano
ilipasuka mkononi mwangu, nikashonwa nyuzi nne.
Kaljuste aliacha kuteremka.

Jana akaja, viatu vina theluji,
hakuketi.
"Ile ya kumi na tisa," akasema, "usiniguse... usiiguse."
Kiasi gani?
Akacheka. Hakichemshi hata kijiko cha chai.
"Lakini mbili kwa moja, Urmas.
Haidrojeni mbili, oksijeni moja.
Ni maji. Ni maji yenyewe yaliyoachana."

Alipoondoka nilifungua mtungi
(moto wangu nao hula haidrojeni,
ile ya kununua, iliyokamuliwa kwenye gesi ya ardhini)
nikauwasha kuanza ya ishirini.
Ulimi wa moto ukagusa kioo baridi,
na kabla hakijapata joto, pale ukingoni,
pakatokea ukungu, kisha tone.
Nikalifuta kwa kidole gumba.
Nikapuliza.