Unga Mikononi

Barabara ya Melton, Leicester, saa tano usiku.
Duka limefungwa, runinga tu iko macho.
Hansaben anakanda unga wa kesho
huku binti wa Manipur akijipaka chaki viganjani.
"Tazama," aniambia kwa Kiswahili chake cha Kisumu,
"mikono yetu sare."

Chuma kikapanda. Kikatetemeka.
Kikatulia juu ya utosi wa binti
kama mtungi uliomzoea.
Tukashangilia mpaka jirani akagonga ukuta.

Jana ulikuwa mkuki,
ukaruka hata tukasahau kwamba utatua.
Juzi mlinda lango wa magongo, goti limefungwa bendeji,
akazima penalti tatu,
na Hansaben akagawa chapati za moto
bila kudai hata peni.

Habari za bendera hakunisimulia.
Alinisimulia shule, mwaka wa sitini,
alivyowaacha kaka zake nyuma uwanja mzima,
kisha mama akamvika sari: basi, inatosha.

Sasa anajifuta mikono,
anakunja magoti mbele ya mfuko wa unga, kilo kumi,
na miaka yake sabini na minane.

"Usinisaidie," asema. "Hesabu."