Foleni ya Kolo

Njoo Jumanne, usije Jumamosi.
Julai magari ya Arusha hufika saa nne,
yanashusha kofia, chupa za maji, kamera,
na pale ofisini mlango ni mmoja,
kitabu cha wageni kimoja,
kalamu nayo imefungwa kwa uzi.

Lala Kondoa mjini. Saa kumi na moja alfajiri
Isuja atakugongea dirisha.
Pikipiki yake haina taa ya nyuma, usijali.
Tiketi alikwisha kukukatia jana.

Panda kilima kabla jua halijachomoza,
mawe yangali baridi kama kiporo.
Shika mizizi; mwamba uache.

Utafika juu peke yako, unahema, unajisifu:
leo nimewapiga chenga wote.

Kisha Isuja atamulika tochi ukutani
nawe utawaona, wekundu, wembamba,
nywele kama matawi,
mmoja nyuma ya mwenzake,
hakuna anayesukuma,
hakuna anayeuliza ni saa ngapi.

Utavua kofia.
Utasogea taratibu
ukasimame nyuma ya yule wa mwisho.