Kibao cha Zamu

Jumapili jioni kibao hubadili mlango.
Ni kipande cha mbao, urefu wa kiganja,
kimechomwa maandishi kwa chuma cha moto:
WIKI YA KUFAGIA.
Hutoka kwa Bi Hägele, ghorofa ya chini,
hupanda kwa Yıldırım, fundi wa saa,
kisha kwa vijana wa chuo wenye baiskeli tatu,
kisha kwangu, juu kabisa,
hapa Heilbronn, nyuma ya stesheni,
ambako ngazi huishia na visingizio huanza.

Annegret alipoondoka
aliacha ratiba kwenye mlango wa friji:
Jumatatu bafu, Jumanne vumbi,
Jumatano — hapo karatasi ilichanika
alipoing'oa sumaku yake.
Sumaku alikwenda nayo. Ratiba ikadondoka,
nami nikawa nairuka, miezi mitatu,
kama mtu arukaye dimbwi.

Ngoja ngoja haikuniumiza tumbo;
ilinijazia sinki.
Masufuria yalipandana mgongoni kama vyura.
Nikanunua daftari. Nikanunua kalamu za rangi nne:
kijani ya jikoni, bluu ya choo,
nyekundu ya madirisha, na ya manjano
sikujua ya nini, ila ilikuwa kwenye pakiti.
Nilipanga siku nzima, nikapanga vizuri mno,
na usiku nikala mkate nimesimama
maana meza ilijaa mipango.

Ndipo kibao kikaning'inia kwenye kitasa changu.

Zamu haiulizi umelalaje.
Bi Hägele ana miaka themanini na mmoja
na masikio yenye hesabu:
akiwa kitini kwake anajua
ufagio umegusa vipandio vingapi
kati ya arobaini na viwili.
Nikaanza juu, kwa kuwa uchafu hauna miguu ya kupandia.
Mchanga wa viatu vya watu, jani la mti,
kifungo, tiketi ya tramu, nywele za mbwa
katika nyumba isiyo na mbwa.
Nikapiga deki nikirudi kinyumenyume,
sentimita kwa sentimita, kama mwenye deni
anayemkwepa mdai.

Chini, mlango ukafunguka nusu.
Bi Hägele akatazama. Nikangoja asante.
"Pembe," akasema,
akafunga.

Nikazifanya pembe. Kwa kidole na kitambaa,
nimepiga magoti, nikinung'unika.

Nilipofika juu, maji ya ndoo yalikuwa bado vuguvugu.
Nikaona haya kuyamwaga.
Nikafuta kizingiti changu. Nikafuta ukumbi.
Maji yakaniongoza hadi kwenye friji,
ratiba imegandamana na sakafu,
nikaibandua kwa kisu cha siagi.
Wengi huniuliza ari niliitoa wapi.
Sikuwa na ari.
Nilikuwa na maji ya vuguvugu.

Tangu hapo ninalo jambo moja, dogo, halina rangi:
kahawa ikichemka, nafuta sinki.
Birika likipiga mluzi, naacha,
hata kama doa limebaki nusu.
Nusu ya doa itanisubiri kesho,
haina pengine pa kwenda.
Sisemi nimeokoka. Februari nzima
sikuligusa bafu, na ilipoanguka theluji
nilisahau kumwaga chumvi mlangoni,
Yıldırım akateleza na mfuko wa mayai.
Nilimlipa mayai kumi. Alichukua sita tu,
manne yalikuwa yamepona.

Leo ni Jumapili. Nimeteremka na kibao,
taratibu, nisipige kelele,
nikidhani kizee amelala.
Kabla sijakitundika kwenye kitasa chake
nikasikia ndani bomba likifunguliwa,
maji yakiangukia ndoo ya bati, tupu bado,
kwa kelele za mtu
asiyeweza kungoja Jumatatu.