Mwanga wa Luthuli

Saa mbili asubuhi nawasha ukuta mzima,
balbu mia mbili na kitu, ili mteja achague,
na kabla mteja wa kwanza hajavuka kizingiti
kimeshaanza kupanda.

Kipandauso. Aliyekipa jina alikuwa nacho.
Kinaanzia shingoni, kinakwea shavu la kushoto
kama fundi wa stima akwezavyo nguzo,
kikifika jichoni kinakaza skrubu.

Mganga hajigangi. Na muuza taa je?
Mke wa Onditi, wa duka la redio, alisema nimerogwa.
Nilicheka jicho moja likiwa limefumbwa,
maana lugha yetu haikumficha:
mwanga ni nuru,
na mwanga ni yule arogaye usiku, uchi, makaburini.
Mimi namuuza rejareja, na risiti natoa.

Daktari Mwikali, zahanati ya Ngara,
alizima taa ya chumba kabla sijamwomba.
Hapo ndipo nilipomwamini.
Akasema jichoni zimo seli zisizoona.
Hazijui sura, hazijui herufi,
zinapima mwanga tu na kuupigia ubongo ripoti,
na ripoti hiyo hupita ujia mmoja na maumivu.
Wanakutana mle, alisema, wanasukumana.
Nyeupe na buluu zina viwiko vikali.
Kijani, kwa wengine, hupita ubavu.
Kwa wengine, alirudia. Usije ukanidai.

Nilikuwa nayo moja ya kijani,
masalio ya oda ya harusi ya Eastleigh,
vumbi hadi shingoni.
Jioni nikaifunga kwangu Huruma, ghorofa ya tano,
nikazima nyingine zote,
nikakalia ndoo, mgongo ukutani.
Kerubo, binti yangu, akauliza
mbona tumekuwa kama tuko ndani ya mgomba.

Hakikuondoka, nisidanganye.
Kilishuka ngazi mbili, kikakaa,
mfano wa mgeni aliyeambiwa chai bado.
Nikaanza kusikia vitu vingine:
mitungi ikipangwa foleni kule chini,
vitunguu vya jirani vikilia kikaangoni,
damu yangu yenyewe, taratibu,
ikitembea bila kugonga mlango.

Kesho nitawasha ukuta tena.
Mwenye nyumba hapokei kijani.
Ila ile moja haipo rafuni,
na mteja akiulizia
nitamwambia imeungua.