Swichi ya Ngazini

Baridi ni ishirini na nane chini ya sifuri,
na magari ya Winnipeg yamelala nje ya nyumba
yamechomekwa ukutani kwa mikia yao,
yasije yakaganda damu.

Bibi Orysia Pawluk anafungua mlango kidogo,
ananitazama, kisha anatazama nyuma yangu:
"Fundi mwenyewe yuko wapi?"
Namwonyesha mkanda wangu: bisibisi, koleo, testa.
Nyuma yangu yuko Jomar tu, mwanagenzi,
anagombana na ngazi kwenye theluji.
"Haya," anasema. "Vueni viatu."

Darini nyaya zinapita juu ya vikombe vya kauri,
nguo yao ya pamba imechakaa;
nikiigusa inabaki vidoleni kama unga.
Soketi zote za matundu mawili, waya wa ardhi haupo.
Jikoni soketi moja inalisha friji, birika, redio
na kitaa cha Mama Maria
kwa waya uliofichwa chini ya zulia.
Naweka kiganja: zulia lina joto
kama mahali paka alipotoka kulala.

"Nestor alifanya yote mwenyewe," anasema, kidevu juu.
Nami nimekwisha kumjua Nestor kabla ya kuiona picha yake:
mtu wa kusokota waya mara tano
penye kutosha mara tatu,
mtu wa utepe mweusi, tabaka juu ya tabaka,
mtu aliyeandika kwa penseli ndani ya kila kisanduku
tarehe, na hali ya hewa.
*Februari 9, 1971. Upepo. Bega linauma.*
Wahenga walionya juu ya kuziba ufa.
Hawakusema lolote juu ya ufa
uliozibwa vizuri mno.

Chini, kwenye sanduku la fyuzi,
nafungua ya nne
na sarafu inaniangukia kiganjani.
Senti moja ya shaba, malkia kaungua shavu.
Jomar anacheka. Mimi sicheki.
Fyuzi kazi yake ni kufa ili nyumba isife;
senti haijui kufa,
na hilo ndilo kosa lake.

Nampelekea. Anaigeuza, anaigeuza tena.
"Mtoto alikuwa na homa. Hita ilizima kila nusu saa,
maduka yamefungwa. Akaniambia:
ni ya usiku huu tu."
Anaitia mfukoni mwa aproni.
Huo usiku, nafikiri, ulikuwa mrefu.

Siku nne tunatoboa, tunavuta, tunakohoa vumbi la watu waliokufa.
Mweusi, mweupe, na ule mtupu uendao ardhini.
Bafuni, soketi yenye kitufe,
inayokata kabla moyo haujasikia.
Nje, ya gari, na kifuniko chake cha theluji.
Breka zimejipanga, nimeziandikia majina:
Jiko. Bafu. Gari. Maria.

Imebaki swichi ya ngazini.
Nestor aliifunga kichwa chini:
ukishusha, taa inawaka; ukipandisha, giza.
Natoa bisibisi.
"Hiyo iache."
"Dakika mbili tu, bibi."
"Kila mgeni huikosea," anasema.
"Ndivyo ninavyojua nani wa humu."

Nikaitoa ya zamani, iliyolegea meno,
nikafunga mpya, nikaikaza kwenye ardhi yake,
kichwa chini.
Halafu nikaomba penseli.
*Januari 17. Jua, lakini la uongo. Vidole vimekufa ganzi.*
Nikafunika.

Saa kumi na moja jioni, nje kumekuwa usiku.
Jomar anashuka kufuata ngazi yetu,
anasukuma swichi juu.
Anasukuma tena.
Giza vilevile,
na kutoka jikoni
kicheko cha mwanamke ambaye kwa siku nne
sikuwa nimemsikia akicheka.